Barua ya wazi kwa waendeshaji wa masomo ya historia mtandaoni: Bibi hakukosea

Kwa: Mkurugenzi na wajumbe wa Bodi ya mradi

YAH: VIPINDI VYA HISTORIA YA TANZANIA MNAVYOWARUSHIA WANAFUNZI WETU

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Jina la mradi wenu nimeliacha kwa makusudi. Wenyewe mnajijua, na walimu wenzangu katika shule mnazozihudumia watawatambua kabla hawajamaliza aya hii. Sina nia ya kumchafua mtu. Nimeshawaandikia mara tatu kwa njia ya kawaida. Barua ya kwanza niliipitisha kwa mkuu wa shule kama utaratibu unavyotaka. Ya pili niliituma kwenye anwani ya barua pepe mnayoiweka chini ya kila kipindi. Ya tatu nilimkabidhi mkononi ofisa wenu alipokuja kutugawia fulana na kalenda. Iliyojibiwa ni ile ya barua pepe, tena ndani ya dakika moja: "Asante kwa kuwasiliana nasi, maoni yako ni muhimu kwetu." Mashine hiyo. Fulana bado ninayo, huivaa nikienda shamba.

Ninafundisha historia sekondari hapa Songea, mwaka wa 19 sasa. Masomo ya mtandaoni siyapingi. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, nilijirekodi kwa simu nikiwa jikoni kwangu, nikawatumia wazazi kwa WhatsApp. Wanafunzi wa mjini wakapata. Wa vijijini hawakuambulia kitu mpaka tuliporudi darasani tarehe 29 Juni. Kwa hiyo mradi wenu ulipokuja nilikuwa wa kwanza kushika ufagio kusafisha chumba cha kompyuta. Nalitanguliza hili ili asije mtu akasema mzee huyu anaogopa mashine.

Hoja zangu ni hizi.

1. Kipindi cha Vita vya Maji Maji kina makosa, na mmeshaambiwa.

Dakika ya sita mtoa somo anasema Kinjikitile alikuwa chifu wa Wangoni aliyewagawia watu wake maji, ile dawa iliyoaminiwa kuzuia risasi, hapa Songea. Ndugu Mkurugenzi, Kinjikitile Ngwale hakuwa chifu, na wala hakuwa Mngoni. Alikuwa mganga wa Ngarambe, karibu na milima ya Matumbi, mbali sana na huku. Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya Wamatumbi wa Nandete kung'oa pamba ya kulazimishwa. Vita vilipofika Ungoni yeye alikuwa ameshakufa. Maji yaliletwa huku na wajumbe, na anayetajwa zaidi na wazee ni Omari Kinjala.

Mtaniambia hilo ni jina na mahali tu, linarekebishika. Lingekuwa hilo tu nisingepoteza usiku kuandika. Ukimfanya Kinjikitile chifu wa Wangoni, umevigeuza vita vyote kuwa ugomvi wa kabila moja na Mjerumani. Mwanafunzi hatajua kilichomshtua Mjerumani mwenyewe: Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wangoni na wengine, watu wasiokuwa na mfalme mmoja wala lugha moja ya nyumbani, waliinuka mmoja baada ya mwingine ndani ya majuma machache. Hiyo ndiyo sababu tunaiita historia ya taifa. Toa hilo, linabaki tangazo la msiba wa ukoo.

Kisha mwisho wa kipindi. Mnasema Gavana von Götzen "alirejesha amani". Aliirejesha kwa kuchoma maghala na mashamba mpaka watu wakakosa hata mbegu ya kupanda. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilikuwa vifo 75,000. Wanahistoria waliokuja baadaye wamekadiria kati ya 250,000 na 300,000, na wengi wa hao waliuawa na njaa kuliko risasi. Katika kipindi chenu njaa imepewa sentensi moja. Von Götzen amepewa picha tatu. Mkomanile, nduna (kiongozi chini ya chifu) mwanamke aliyenyongwa kwa ajili ya vita hivyo hivyo, hajapewa chochote, na nusu ya darasa langu ni wasichana.

2. Kompyuta yenu imemsahihisha bibi wa watu.

Hili ndilo lililonitoa kwenye subira, kwa hiyo mnivumilie nilieleze taratibu.

Baada ya kila kipindi mna maswali kumi ya kuchagua na moja la kujieleza, na yote yanasahihishwa na kompyuta. Swali la kujieleza la Maji Maji linauliza kwa nini Wangoni walishindwa. Kuna msichana wa kidato cha pili, mkimya, anakaa dirishani. Likizo alikuwa kijijini kwa bibi yake na alimuuliza swali hilo hilo. Bibi akamwambia alivyoambiwa na waliomzaa: kwamba wapiganaji wengi waliacha kuyategemea maji mapema, tangu walipoona wenzao wanaanguka, lakini waliendelea kupigana, wakaingia porini wakawa wanavizia. Kilichowamaliza ni njaa. Ghala likichomwa, mama anakuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, hana cha kuwapa, anachimba mizizi ya porini. Mume akisikia hivyo anaweka mkuki chini.

Msichana yule aliyaandika hayo yote. Kwa vidole viwili, herufi moja moja, muda wa kipindi kizima. Akabonyeza. Skrini ikawa nyekundu: "Jibu si sahihi. Jaribu tena."

Akajaribu tena, akafupisha. Nyekundu. Akafupisha tena, ikabaki njaa peke yake. Nyekundu. Mara ya nne akaandika neno moja: maji. Skrini ikawa kijani na tarumbeta ikalia.

Akageuka akaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo bibi alikosea?"

Nimesahihisha mitihani ya kila namna, na nimeulizwa na wanafunzi maswali ambayo mengine siwezi kuyaandika hapa, lakini hilo lilinikalia kooni. Bibi hakukosea. Alichosema kinakubaliana na waliyoyakuta waliokwenda kuuliza. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam, chuo kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walitumwa kusini wakiwa na madaftari, wakakaa kwenye vigoda mbele ya wazee ambao baadhi yao walivishuhudia vita hivi wakiwa watoto. Mengi tunayoyajua leo juu ya Maji Maji kutoka upande wetu yametoka kwenye madaftari yale. Mngekuwa ninyi ndio mnaowasahihisha wazee wale, wote wangepata sifuri, halafu tarumbeta ingempigia von Götzen.

3. Kiswahili chenu kimetoka kwenye mashine.

Historia ya Tanzania na Maadili ni somo la lazima katika mtaala ulioboreshwa wa 2023, na linafundishwa kwa Kiswahili. Ninyi mmetengeneza kipindi kwa Kiingereza, mkaitupia programu ya kutafsiri, mkapachika maandishi chini ya picha bila mtu kuyasoma. Nasema bila mtu kuyasoma kwa sababu kama yupo aliyesoma, basi ana mambo mengine yanayomsumbua.

Maandishi yanasema: "Mkuu wa Songea alipelekwa Ujerumani." Darasa zima likaduwaa. Mmoja akauliza ni mkuu wa wilaya au wa mkoa. Mwingine akauliza kama alirudi. Ilinichukua muda kung'amua kwamba mashine ilikutana na neno la Kiingereza lenye maana mbili, ikachagua cheo badala ya kiungo cha mwili. Mlichokusudia ni kichwa. Kichwa cha Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu umeitwa kwa jina lake, na ambacho ukoo wake unaamini kilikatwa baada ya kunyongwa kikasafirishwa Ujerumani. Wanakitafuta mpaka leo. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapa Songea, akakutana na kizazi cha Songea Mbano, akaomba msamaha. Rais wa waliofanya kitendo alifunga safari kuja kulizungumza jambo hili. Ofisi yenu haihitaji hata viza kufika huku, lakini kichwa kwenu ni mkuu, na mkuu kwenu alisafiri.

Halafu neno "uasi". Kila mahali mmeandika Uasi wa Maji Maji. Mtu anamwasi mtawala wake halali. Hapa wazee wanasema vita, makumbusho wanasema vita, nami ubaoni nimeandika vita miaka yote 19.

4. Vipindi ni vizito kuliko uwezo wetu.

Kipindi cha Maji Maji ni dakika 38 na kina karibu MB 400. Tuna kompyuta 20, zinazowaka ni 11, na darasa lina wanafunzi 54. Tukiwasha zote kile kiduara kinazunguka mpaka kengele inalia. Nimezoea kufika shuleni saa kumi na moja alfajiri, mtandao ukiwa mwepesi, nikifungue kipindi kwenye kompyuta moja nikirushe kwa projekta. Ningekipakua jioni nikalala usingizi wangu, ila kitufe cha kupakua mmekizima. Sauti peke yake ya dakika 38 haizidi MB 20. Picha zenu nyingi ni mtu amesimama anaongea.

Na lile tangazo lenu la "Jifunze popote ulipo kwa simu yako" linawachekesha sana wanafunzi wangu. Shuleni simu ni marufuku. Ikikamatwa hupondwa mbele ya mstari wa asubuhi, mwenye nayo akiangalia. Likizo ndipo mtoto anaiazima simu ya mama yenye kioo kilichopasuka, kwa bando la siku moja ambalo mama amelinunua ili awasiliane na wateja wake wa mahindi. Nani atammalizia mama bando lake kwa ajili ya kipindi kimoja?

5. Siku ya mashujaa mliwafungia ndani.

Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa Songea zaidi ya watu 60 kwa siku moja, akiwemo Nkosi, yaani chifu wa Wangoni, Mputa Gama. Kila mwaka siku hiyo Makumbusho ya Majimaji hujaa watu, ngoma za Wangoni zinapigwa, wazee wanavaa, wajukuu wanaletwa kuoneshwa majina. Mwaka huu ratiba yenu iliweka siku hiyo hiyo, saa nne asubuhi, jaribio la pamoja kwa shule zote, na mahudhurio yanahesabiwa. Mada ya jaribio: Maji Maji.

Wanafunzi wa Songea wakakaa kwenye chumba chenye mapazia wakiangalia picha ya mnara ambao wangeufikia kwa miguu. Ngoma tulizisikia. Nilifunga madirisha kwa sababu maelekezo yenu yanasema chumba kiwe kimya. Nalijutia hilo, na sehemu hiyo ya lawama naibeba mwenyewe.

Majibu yenu nayafahamu, kwa kuwa ofisa wenu alinipa baadhi nikiwa nimeshika fulana.

Mtasema maudhui yalishapitishwa. Sawa, aliyepitisha naye ni binadamu, aambiwe. Katika miaka yangu yote sijawahi kufundishia kitabu cha darasani kinachosema Kinjikitile alikuwa chifu wa Wangoni. Kosa hilo ni la kwenu wenyewe.

Mtasema intaneti ni tatizo la nchi nzima na si kazi yenu. Kweli. Ila uzito wa kipindi ni kazi yenu, na kitufe cha kupakua hakikuzimwa na minara ya simu.

Mtasema takwimu zinaonesha wanafunzi wanamaliza vipindi kwa wingi na alama zinapanda. Hapo sina budi kuwatobolea siri. Ninayo karatasi niliyoinyang'anya bwenini, mwandiko mzuri, mistari imenyooka: 1B, 2A, 3D, 4D, mpaka kumi. Chini yake pameandikwa "la kujieleza andika maji tu". Desa hilo linazunguka shule nzima na nadhani limeshavuka mpaka shule ya jirani. Mtoto anafungua kipindi, anakiacha kinajiendesha huku anapiga soga, kikiisha anajaza herufi zake, tarumbeta inalia, nanyi mnaandika kwenye ripoti kwamba amejifunza. Siwalaumu watoto. Swali linalojibiwa kwa neno moja litajibiwa kwa neno moja.

Mtasema walimu tupewe mafunzo ya teknolojia. Tupeni, tutakuja. Lakini na waandaaji wenu nao waje wapewe mafunzo ya historia, hata ya siku mbili. Chai tutawapikia.

Ninayoomba, kwa niaba yangu na ya walimu wanne wa historia waliosoma rasimu ya barua hii:

(a) Kipindi cha Maji Maji kiondolewe hadi kirekebishwe, na kikirudishwa kianze kwa kuwaambia wanafunzi ni nini kilikuwa kimekosewa. Msibadilishe kimyakimya. Watoto walioandika kosa kwenye madaftari yao wana haki ya kuambiwa wafute.

(b) Swali la kujieleza lisahihishwe na mwalimu wa darasa. Kompyuta ibaki na yale ya kuchagua.

(c) Kitufe cha kupakua kifunguliwe, na kila kipindi kiwe na sauti tupu pamoja na maandishi ya kurasa chache yanayochapika.

(d) Maandishi ya Kiswahili yasomwe na mtu. Mmoja anatosha, akiwa macho.

(e) Kila shule iachiwe angalau kipindi kimoja kwa muhula cha historia ya hapo ilipo, bila video yenu. Kilwa Kivinje wana Mwembe Kinyonga, ambapo Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani, alinyongwa mwaka 1895. Kalenga wana fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe, lililorudishwa mwaka 1954. Si kila shule ina makumbusho mlangoni, lakini sijaona kijiji kisicho na mzee. Na tarehe 27 Februari msituwekee kitu.

(f) Atajwe mtu mwenye jina na namba ya simu anayepokea malalamiko ya walimu, tena anayepokea kweli.

Naomba jibu kabla muhula ujao haujaanza. Nisipolipata, kipindi chenu cha Maji Maji sitakifungua tena darasani kwangu, na nimeshamweleza mkuu wa shule hivyo kwa maandishi. Nitafundisha kwa chaki kama zamani, na mahudhurio yenu yatasoma sifuri kwa darasa langu.

Jambo moja la mwisho. Yule msichana alirudi kijijini wikiendi iliyopita. Aliazima simu ya mjomba wake, akamrekodi bibi akieleza habari ya njaa, na katikati kuna jogoo anawika na bibi anamfukuza. Ni dakika nne na sekunde kumi. Bibi ameridhia isikilizwe, mradi jina lake lisitajwe. Nimewatumia kwenye ile anwani yenu ya barua pepe. Ina MB 4, itafunguka popote mlipo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Historia,
Songea, Ruvuma

Nakala:
Mkuu wa shule
Walimu wa historia katika shule zilizomo kwenye mradi
Kamati ya wazazi
Bibi (atasomewa na mjukuu wake)